Maji Yasiyotoa Povu

Katika chumba cha kuoshea tope, ghorofa ya chini ya taasisi ya bahari, ukutani palibandikwa sheria nne kwa mwandiko wa Profesa. Usikimbie. Usile. Usipige chafya. Usishukuru.

Hiyo ya nne ilitungwa kwa ajili ya mtu mmoja tu. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, msichana mwembamba mwenye vioo vinene usoni vilivyompa jina la Miwani, na alikuwa na ugonjwa wa kushukuru. Aliurithi kwa mama yake, dobi, mwanamke ambaye kila jioni akizima pasi huipapasa mpini na kuiambia, "Ahsante mama, kesho tena." Miwani alishukuru mlango uliofunguka, kalamu iliyoandika na ngazi iliyomfikisha juu bila kumwangusha. Nyumbani tabia hiyo haikumdhuru mtu. Tatizo lilianza alipoketi mbele ya hadubini.

Maana kazi ya chumba kile ilikuwa kuchambua magamba ya planktoni. Hao ni viumbe wanaoelea karibu na uso wa bahari, wadogo kiasi kwamba ukiwamwaga kiganjani utadhani umeshika mchanga laini, ila ukiwatazama kwa hadubini unaona majumba: vyumba vya duara vimeshikana kama mkungu wa zabibu, kuta nyeupe zenye matundu kama ya mlango wa wavu. Gamba moja ni jepesi kuliko pumzi. Sasa neno "ahsante," wenye elimu watakubaliana nami, lina upepo katikati yake. Siku ya kwanza Miwani alipoinama juu ya sinia jeusi akaona gamba zuri na kulishukuru, ukoo mzima wa aina adimu uliruka ukaenda kuishi chini ya kabati. Upo huko mpaka leo, na inaaminika umeongezeka.

Profesa alikuwa mama mkali mwenye moyo mzuri alioufungia kwenye droo. Alipoona msichana anajitahidi kunyamaza mpaka macho yanamtoka, alilegeza sheria kidogo. "Kama ni lazima ushukuru, geuza uso kwanza."

Basi ikawa desturi ya chumba. Mtu akitaka kutoa shukrani, anageuza kichwa kuelekea mlangoni, anasema "ahsante" kwa mlango, kisha anarudi kwenye sinia. Wageni waliwaona kuwa watu wenye majivuno.

Wa tatu wao alikuwa fundi wa maabara, mzee mpole mwenye tumbo la heshima. Yeye ndiye aliyetengeneza mabomba, kuwasha tanuri dogo la kukaushia na kuziba kila kilichovuja. Walimwita Birika. Jina hilo halikuhitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kumwona akinywa chai. Alikunywa kwa ibada, amefumba macho, kwenye kibaraza nje ya mlango kwa kuheshimu sheria ya pili. Kila asubuhi alimwekea Miwani kikombe chake pembeni.

"Chai ya mzee haina kifani," Miwani alikuwa akisema. "Nyumbani tukichemsha, juu inakaa ngozi kama ya maziwa na chini chokaa. Hii nyeupe kabisa, namaanisha, safi kabisa. Unafanyaje?"

"Mkono, binti," Birika alijibu. "Mkono tu."

Na Profesa, aliyekuwa akipita, angesema kwa uchungu, "Huo mkono ungesaidia kusafisha vioo vya hadubini. Kila nikivifuta vinabaki na madoa meupe. Sijui ni laana gani."

Birika alitazama kikombe chake kwa huzuni kubwa.

*

Sasa habari ya tope lenyewe.

Meli ya utafiti ilikuwa imekwenda mbali, juu ya mlima uliosimama chini ya maji, mlima ambao hakuna aliyewahi kuupanda kwa miguu. Ikashusha mabomba ya chuma kutoka kileleni mpaka kitako chake, na kila bomba likaleta tope la mahali pake. Planktoni wale, kila aina ina maji inayoyapenda. Wengine hukaa kwenye maji ya joto, wengine ya baridi, wengine hufuata chakula kama wanafunzi wanaofuata harufu ya jikoni. Wakifa, magamba yao hunyesha chini polepole kama manyunyu yasiyo na haraka. Ungetegemea basi kwamba sakafu ya bahari imefunikwa na magamba kila mahali, kila aina chini ya maji yake. Lakini bahari ya chini kabisa ina njaa. Maji ya huko ni ya baridi, yamebeba hewa ya vitu vyote vilivyooza njiani, yamekuwa makali, na yanakula chokaa. Yanaanza na magamba membamba, halafu ya wastani, halafu hata yale manene yenye kiburi. Ndiyo maana vilele vya milima ya baharini ni vyeupe, na mabonde yake ni udongo mwekundu usio na gamba hata moja.

Kazi ya Miwani ilikuwa kusema mpaka wa njaa hiyo uko wapi katika mlima ule. Kileleni magamba membamba yalijaa. Kitakoni hayakuwepo. Swali lilikuwa katikati. Kama katikati membamba yapo, maji makali hayajapanda. Kama hayapo, yamepanda, na hiyo ni habari nzito.

Ubaya ni kwamba bomba la katikati liligonga jiwe. Lilirudi karibu tupu, na tope kidogo limeganda mdomoni. Kijiko kimoja. Kwa kawaida kila tope hugawanywa, nusu inafanyiwa kazi na nusu inahifadhiwa kwenye chumba cha baridi, lakini kijiko hicho hakikugawanyika. Meli ilikuwa imekwisha kwenda kwenye bahari nyingine na watu wengine.

Profesa alikikabidhi kijiko hicho kwa Miwani kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto.

"Ukikiharibu, huna katikati. Ukikosa katikati, huna swali. Na jopo la Jumatano halimwongezei muda mwanafunzi asiye na swali. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Profesa." Miwani aligeuka mlangoni. "Ahsante."

Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana, na Profesa alikuwa na safari. Akaondoka.

*

Tope lile lilikuwa gumu. Lilikaa kwenye bilauri ya kioo kama kipande cha sabuni iliyosahauliwa. Miwani alilitikisa, halikumeguka. Kulisugua hakuthubutu. Akalitazama, nalo likamtazama, na hapo damu ya dobi ikamwamkia.

Nyumbani kwao, doa lisilotoka halipigwi. Hulowekwa. Mama yake alikuwa na msimamo huo kuhusu mashuka, makoti, na hata kuhusu watoto wakaidi: waache waloweke, Jumatatu watatoka wenyewe. Kulowesha kwa kawaida katika chumba kile kulikuwa kwa muda mfupi na maji ya bomba, lakini Miwani alikwishaamua zamani kwamba maji ya bomba wanatumia kwa sababu ya kubana matumizi. Maji ya mji ule yaliharibu masufuria na kuwapauza watu miguu. Kumlaza mtoto wa pekee kwenye maji kama yale siku tatu? Hapana. Kwenye rafu kulikuwa na dumu kubwa la maji yaliyotoneshwa kutoka kwenye mvuke, maji yasiyo na chochote ndani yake, yaliyoandikwa MAJI YA MVUKE, KWA VIOO TU. Miwani alijaza bilauri kwa maji hayo, akaifunika, akalishukuru dumu, akaenda zake nyumbani akiwa na amani ya mtu aliyefanya jambo la ziada.

Mwisho wa wiki alikaa dukani kwa mama yake. Kilikuwa chumba kimoja chembamba kinachonuka mvuke na wanga, na mashati ya watu yamening'inia kama mkutano wa waheshimiwa wasio na vichwa.

"Tazama hii," mama yake alisema, mikono imezama kwenye beseni. "Kipande kizima cha sabuni nimekimaliza, povu liko wapi? Nasugua, linatoka ute mweupe tu. Maji ya mji huu yana kiburi. Yakija ya mvua, sabuni kidogo tu beseni zima linacheka."

"Ya bomba yametoka kwenye milima ya chokaa, mama."

"Yametoka kwa adui yangu. Na wewe tope lako?"

"Nimeliloweka."

Mama yake akageuka, uso umenawiri. "Siku zote tatu?"

"Siku zote tatu."

"Huyo ndiye mwanangu," alisema dobi, na akaipapasa pasi, kwa kuwa furaha ilimzidi.

*

Jumatatu asubuhi Profesa aliingia akiwa bado na mfuko wa safari begani, akakuta bilauri mezani na Miwani amesimama kando yake kama mama aliyejifungua.

"Limemeguka lenyewe, Profesa! Sikuligusa hata kidogo. Nililiacha tangu Ijumaa."

"Kwenye maji gani?"

"Ya mvuke. Safi kabisa."

Profesa hakupiga kelele. Wanafunzi wake wote wanajua kwamba kelele za Profesa ni hali ya hewa tu. Kinachotisha ni ukimya. Aliweka mfuko chini. Akavuta kiti. Akakaa.

"Mwanangu, unadhani kwa nini tunatumia maji ya bomba?"

"Nilidhani ni bajeti."

"Maji ya mvuke hayana chochote ndani yake. Ulisema vizuri. Hayana chochote, kwa hiyo yana njaa. Yakikutana na chokaa yanakula, na ukiyaachia hewa yanazidi ukali. Ya bomba yamepita kwenye mawe ya chokaa, yameshiba, hayaumi mtu. Wewe umechukua magamba yaliyookoka baharini," sauti yake ikashuka, "ukayaletea kilindi cha bahari ndani ya bilauri."

Miwani alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na kitu cha kushukuru. Vioo vyake usoni vikaingia ukungu. Alitaka kuomba msamaha akaona msamaha nao utakuwa mwepesi mno kwa jambo lile.

"Na ubaya zaidi," Profesa aliendelea, bila ukali, jambo lililouma kuliko ukali, "tukikuta hayapo, hatutajua nani amekula. Bahari, au wewe."

Birika alisimama mlangoni na kikombe cha asubuhi mkononi. Alikuwa amesikia. Akatazama bilauri, akatazama dumu, na kikombe kikaanza kulia kwenye kisosi chake. Kisha akarudi nyuma taratibu, akapotea, na chai ya Miwani ikapotea pamoja naye.

Waliliosha hivyo hivyo. Tope la namna ile haliachwi, hata kama umekwisha kulilia. Walilimimina kwenye chekeche, wakalinyunyizia maji ya bomba kwa upole, uchafu ukapita, na juu ya wavu kikabaki kivumbi cheupe kidogo sana, kama unga unaobaki kwenye ubao. Wakakikausha kwenye tanuri dogo kwa moto mdogo. Katika kungoja huko Profesa alikwenda kufuta vioo vya hadubini, akavilaani kwa madoa yake, na Miwani akakaa amekumbatia magoti akiwaza jinsi atakavyomwambia mama yake kwamba kuna vitu vya kuloweka na vitu vya kutoloweka.

Kivumbi kilipokauka, Profesa alikimimina kwenye sinia jeusi. "Tazama wewe. Ni cha kwako."

Miwani aliinama. Akarekebisha kioo mpaka ukungu ukawa umbo. Kwanza aliona yale manene, mafupi, yamejikunyata kama mawe. Hayo aliyategemea. Akasogeza sinia kidogo.

Akalisogeza tena, akalirudisha, mpaka Profesa akasema, "Ehe?"

Miwani aligeuza uso mlangoni.

"Ahsante," aliuambia mlango.

Yalikuwepo. Membamba, ya kioo, mengine yana vyumba vikubwa vyepesi kama mapovu, mengine bado yana mabaki ya miiba laini kuliko unywele wa kitoto. Kuta zake zilipitisha mwanga. Profesa alimsukuma kwa kiwiko, akainama mwenyewe, akatafuta alama za kuliwa, yale matundu yaliyopanuka na kingo zilizochakaa, akatafuta tena kwa lenzi kali zaidi. Hakuna. Yalikuwa kama yameanguka jana.

"Tumepona!" Miwani alisema.

"Hatujapona," Profesa alisema, akijinyoosha. "Haya hayakutakiwa kuwepo. Ukiyaloweka magamba kama haya kwenye maji ya mvuke siku tatu, unarudi unakuta mashimo au hukuti kitu. Mimi najua, niliwahi kupoteza sinia zima hivyo nilipokuwa na umri wako. Ama umeona muujiza, ama hukuyaloweka kwenye maji unayosema. Na muujiza siupeleki mbele ya jopo. Wakikuuliza umeoshaje, utasema nini? Nieleze kwa nini yamepona, nikupeleke Jumatano. Ukishindwa, tope hili tunaliweka kando, na wewe pamoja nalo."

*

Basi Miwani alibaki peke yake chumbani na dumu. Alilizunguka. Alisoma maandishi yake. Alilinusa. Maji ni maji, hayana uso wa kutambulika. Akatumbukiza kidole, akakausha kwa pumzi, na kidoleni kikabaki kitu kama vumbi. Hapo ndipo mkono wake wenyewe ulipokumbuka beseni la mama yake.

Alikwenda kwenye karai la kunawia, akakwangua kipande cha sabuni ya mche kwa ukucha. Akapanda ghorofa ya juu, kwenye mtambo wenyewe wa kutonesha, akakinga maji mapya yaliyotoka tone kwa tone. Akarudi na chupa tatu ndogo: moja ya mtambo, moja ya bomba, moja ya dumu. Kila moja sabuni sawasawa. Akazitikisa.

Ya mtambo ilicheka. Povu lilipanda mpaka shingoni mwa chupa, likakaa huko kama kofia ya mpishi. Ya bomba ilitoa ute mweupe ulioelea kwa uvivu. Na ya dumu, ile ya MAJI YA MVUKE, KWA VIOO TU, ilitoa ute mweupe ulioelea kwa uvivu.

"Mama," Miwani aliiambia chupa, uso ukiwa umegeukia mlango, "ahsante sana."

Mlango ukakohoa. Birika alikuwa amesimama pale, ameshika kofia yake kama mtu wa mazishini.

"Binti, usimpigie mama simu kwanza. Ni mimi."

"Wewe ndiye nini, mzee?"

"Mkono." Akakaa kwenye kiti cha Profesa bila kutambua. "Ule mkono wa chai. Hakuna mkono. Maji ya bomba yananiharibia chai, yanaweka ngozi juu, yanaua harufu, unakuwa unakunywa ukuta. Nikajaribu ya dumu siku moja tu. Siku moja tu, wallahi. Binti, chai ile iliimba. Tangu hapo kila dumu likiletwa, mimi nalihamishia kwenye birika langu na vichupa vyangu, halafu najazia ya bomba mpaka pale pale, lisionekane limepungua. Ijumaa asubuhi nilifanya. Wewe ulipokuja mchana kulikuwa hakuna mvuke humo hata wa kupigia pasi."

"Kwa hiyo madoa ya vioo…"

"Usiyataje madoa. Nalala nayo." Akafuta uso kwa kofia. "Asubuhi nilipomsikia Profesa akisema habari ya njaa, nilijua. Nikakimbia. Nimekaa kule stoo najiambia, Birika, kaa kimya, magamba yamepona, nani atauliza? Halafu nikamsikia anakwambia uthibitishe. Umebakiza miaka mingi ya kusoma, mimi nimebakiza michache ya kutengeneza mabomba. Nikasema wacha wanifukuze."

Miwani alimwangalia mzee huyu, tumbo lake la heshima likipanda na kushuka, na akaona kwamba kila kikombe alichowahi kuwekewa pembeni kilitoka kwenye dumu lile. Alikuwa mshiriki wa wizi huo kwa muda mrefu, na alikuwa ameulizia kikombe cha pili mara nyingi tu.

"Mzee, umeniokolea kijiko changu."

"Nimeiba maji, mwanangu. Tusiyachanganye."

"Nayachanganya makusudi," alisema Miwani, akamkumbatia, kofia na yote.

Profesa alipoelezwa alisikiliza mpaka mwisho. Akazitikisa chupa tatu mwenyewe. Akaagiza chupa zingine, akazitikisa tena. Akamtazama Birika kwa namna ambayo wanafunzi huitazama karatasi ya mtihani iliyogeuzwa.

"Madoa," alisema.

"Madoa, Profesa," alikiri Birika.

"Nimebadilisha vitambaa. Nimebadilisha sabuni. Nilimwandikia barua kali aliyetuuzia lenzi."

"Pole sana, Profesa."

"Adhabu yako nitaitafuta kwa utulivu," Profesa alisema. "Jumatano vaa koti."

*

Jopo lilikuwa na wazee watatu wa sayansi nyuma ya meza ndefu, na jagi la maji ambalo Birika, akiwa ameketi nyuma ndani ya koti linalombana, alilitazama kwa dharau ya mtaalamu.

Miwani alisimama. Alieleza mlima, kileleni kweupe, kitakoni kwekundu. Alieleza kwamba magamba yaliyolala sakafuni si picha kamili ya walioishi juu, kwa sababu maji ya chini huchagua nani abaki, na kwamba mtu asiyejua hivyo anaweza kuona magamba manene tu, ya wapenda baridi, akadhani juu palikuwa baridi, kumbe membamba yamekwisha kuliwa. Akaonyesha picha za katikati. Kuta za kioo, miiba, mapovu. Maji makali hayajafika hapa, alisema. Mpaka wa njaa uko chini zaidi.

Mwenyekiti, mzee mkavu kama karatasi, aliinua kalamu. "Kijiko kimoja tu. Umekiosha vipi? Nijuaje uoshaji wako haukuharibu hesabu?"

Swali lenyewe. Miwani aliweka picha mezani. "Nilikosea, mwenyekiti. Nilikiloweka tangu Ijumaa mpaka Jumatatu kwenye maji niliyodhani ni ya mvuke." Meza nzima ikavuta pumzi. "Hayakuwa ya mvuke. Nina kipimo cha sabuni, kimerudiwa, nimekileta. Na nina shahidi."

"Shahidi wa maji?"

"Simama, mzee," alinong'ona Profesa, na Birika akasimama, kifungo kimoja cha koti kikaruka kwa woga.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Birika kwa sauti nzito ya kiapo, "mimi hunywa chai."

Akaeleza. Hakujitetea. Alieleza ngozi ya juu ya chai na harufu inayokufa, alieleza alama ya dumu na jinsi alivyojazia mpaka pale pale, na alipofika kwenye chai iliyoimba, mzee wa kushoto, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la nyumbani kwake. Miwani akazitikisa chupa mbele yao. Moja ikacheka. Mbili zikanuna.

Mwenyekiti alizitazama sana. "Kwa hiyo magamba haya," alisema polepole, "yamelindwa siku tatu na maji yaliyobeba chokaa ya milima yetu. Nayo milima yetu ya chokaa ni nini?"

"Ni sakafu ya bahari ya zamani, mwenyekiti," alisema Miwani, na yeye mwenyewe ndipo alipoliona jambo hilo lote kwa pamoja. "Ni magamba. Ya mababu zao."

Kisha mwenyekiti akaandika, akapitisha karatasi kulia na kushoto, na Miwani akapewa muda wake wa kuendelea, kwa sharti kwamba dumu linunuliwe kufuli.

*

Kufuli lilinunuliwa. Ufunguo, kwa amri ya Profesa, alipewa Birika, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake: kulinda kwa mikono yake mwenyewe kile anachokitamani. Kila mwezi alimletea Profesa taarifa ya hali ya dumu kwa uso wa shahidi wa kweli, na vioo vya hadubini viling'aa. Chai aliinywa ya bomba, na ngozi yake juu. Alisema amejifunza kuivumilia tangu alipoambiwa ina mababu ndani yake.

Mama wa Miwani alipopata habari kamili hakuzijali sehemu za mlima. "Kwa hiyo maji yale yale," aliuliza, akisugua kola, "adui yangu, ndiyo yaliyomtunza mtoto wako?"

"Ndiyo hayo, mama."

Dobi alilitazama beseni lake, ute mweupe, povu hakuna. Alifikiri. Kisha kwa kusitasita, kama mtu anayemsalimia jirani waliyenuniana miaka mingi, akayapapasa maji kwa kiganja.

Na asubuhi moja kule chumba cha kuoshea tope, Profesa alikuwa ameinama juu ya sinia la katikati, akiyahamisha magamba membamba kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa, moja moja, kwenye kibao chake cha kudumu. Miwani alikuwa kando amebana pumzi. La mwisho lilipotua salama, Profesa aliweka brashi chini. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aandike sheria ile ukutani, alifuata desturi yake mwenyewe: akageuza uso taratibu kuelekea mlangoni.

"Ahsante," alisema.

Mlangoni alikuwa amesimama Birika, vikombe vitatu mkononi, vinafuka.

"Karibu, Profesa," alisema, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo.